Bi Fundi Anajibu: Viti vya HAY, kochi la ghorofa ya nne na meza ya mninga iliyopasuka Aarhus

Toleo lililopita niligusia HAY, kampuni ya samani ya hapa Denmark, kwa mstari mmoja tu. Nilisema kwamba mtu mwenye pesa ya kiti kimoja ni heri anunue cha HAY kilichotumika kuliko kipya cha kuigiza. Mstari ule umeniletea barua nyingi kuliko makala nzima niliyowahi kuandika kuhusu sponji! Basi barua za mapazia na magodoro zisubiri, mwezi huu najibu hizi. Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue kwamba mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu ni kuvisha makochi na viti, karakana yangu iko Nørrebro hapa Copenhagen, na HAY hawanilipi hata senti. Pesa yao naiona pale tu viti vyao vinapochakaa.

*Shikamoo Bi Fundi. Mume wangu anasema HAY ni IKEA ya watu wenye majivuno. Mimi vitu vyao navipenda ila sina la kumjibu. Ni kampuni ya namna gani hasa, na mbona bei yao iko katikati, haifanani na ya IKEA wala na ya yale maduka ya viti vya kale?*
*Mama Watatu, Malmö*

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto amekosea, ila hajaenda mbali sana.

HAY ilianzishwa mwaka 2002 na mke na mume, Mette na Rolf Hay, wakishirikiana na Troels Holch Povlsen, yule wa kampuni ya nguo ya Bestseller. Samani zao za kwanza walizipeleka kwenye maonyesho ya Cologne, Ujerumani, mwaka 2003. Wakati huo ukitaka kiti hapa Denmark ulikuwa na njia mbili. Ama ununue cha wabunifu wakongwe, akina Wegner na Arne Jacobsen, utoe mshahara wa mwezi mzima au zaidi, ama uende IKEA, ya huko kwenu Uswidi, ukachukue boksi ukakiunge mwenyewe. HAY wakaingia katikati. Walitaka kiti kilichochorwa na mchoraji anayejulikana jina, kitoke kwa mashine, kwa bei ambayo mwalimu au muuguzi akijipanga anaiweza.

Wazo lenyewe si lao. Chama cha ushirika cha hapa, FDB, kilikuwa na duka karibu kila kijiji, na mwaka 1942 kilimweka Børge Mogensen kuwa mkuu wa uchoraji wa samani ili watu wa kawaida wapate viti vya maana. Kiti chake cha J39 cha mwaka 1947, chenye kalio la kusukwa kwa kamba ya karatasi, bado nakiona jikoni kwa wazee, na bado naletewa nikisuke upya. HAY wenyewe walikwenda kuchukua baadhi ya viti vya FDB, kama J77 cha Folke Pålsson, wakavirudisha sokoni kwa rangi mpya. Kwa hiyo ukiwaona vijana wa Copenhagen wamekizunguka J77 wakadhani ni fasheni ya juzi, ujue babu zao walikuwa wanakikalia wakila uji wa shayiri.

Sasa hiyo bei ya katikati wanaipataje? Chukua About A Chair, kile alichokichora Hee Welling, kilichotoka mwaka 2010. Gharama kubwa ya kiti cha plastiki ni kile kifyatulio, yaani kalibu ya chuma ya kumimina ganda. Ukishakilipia, ganda moja moja halina gharama kubwa. HAY wakafanya hivi: ganda lile lile wakaliwekea miguu ya mbao, wakaliwekea miguu ya chuma, wakaliwekea mguu mmoja wa kuzunguka kwa ajili ya ofisini, wakalivisha kitambaa kwa anayetaka, wakalitoa kwa rangi kedekede. Mkahawa unanunua, ofisi inanunua, na wewe wa nyumbani unanunua. Kifyatulio kimoja kinahudumia soko zima.

Na kuhusu IKEA, mumeo anaweza kukushinda kwa hoja hii kama anaijua, kwa hiyo uijue wewe kwanza: mwaka 2017 HAY na IKEA walitoa samani pamoja, mkusanyiko ulioitwa YPPERLIG, na ule mfuko mkubwa wa bluu wa IKEA ambao kila Mwafrika wa Ulaya anao chini ya kitanda ukatoka wa kijani. Halafu mwenye HAY mwenyewe sasa ni Mmarekani. Herman Miller walinunua asilimia 33 ya HAY mwaka 2018, mwishoni mwa mwaka 2019 wakaongeza hadi asilimia 67. Mwaka 2021 Herman Miller wakainunua Knoll, kampuni nyingine ya samani, na kuitwa MillerKnoll, na Knoll nayo ilikuwa imeshainunua Muuto, mshindani wa HAY wa hapa hapa Copenhagen. Kwa hiyo ukisimama dukani unajiuliza uchukue kiti cha Muuto au cha HAY, pesa inaelekea mlango mmoja.

Mahali pa kumpa mumeo haki yake ni kwenye vikorokoro. Mette Hay ndiye anayesimamia upande ule wa masinia, brashi za vyombo, vikasha vya plastiki vya kukunja na taulo za mistari. Jicho lake la rangi silipingi. Lakini brashi ya kuoshea sufuria ni brashi ya kuoshea sufuria. Weka pesa kwenye kiti.

*Dada Fundi, mimi niko Tabata, kaka yangu yuko Copenhagen. Nimeona mtandaoni viti vya kutoka Uchina vinavyofanana kabisa na About A Chair, vinne kwa bei ya kimoja. Nimwambie aviagize vifike kwake, aniletee kwenye kontena pamoja na vitu vyake? Kwani plastiki si plastiki tu?*
*Mpenda Nafuu*

Usimtie kaka yako matatani. Kuna mtu wa Denmark aliyeagiza saa ya Rolex kutoka tovuti ya Uchina, ya kuvaa mwenyewe, akalipa na pesa ikaenda. Forodha wakaizuia kwamba ni ya bandia. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu ya Denmark, nayo ikauliza mahakama ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 6 Februari 2014 jibu likatoka: forodha wana haki ya kuzuia na kuharibu mzigo wa namna hiyo hata kama mnunuzi ni mtu binafsi na muuzaji yuko nje ya Ulaya. Ile ilikuwa saa, lakini kiti cha kunakili nacho kinaweza kuzuiwa vivyo hivyo. Sheria ya Denmark inakihesabu kiti kilichobuniwa vizuri kuwa kazi ya sanaa, sawa na kitabu, na ulinzi wake unadumu mpaka miaka 70 baada ya mbunifu kufariki. Kiti hiki kimetoka 2010. Piga hesabu mwenyewe.

Tuache sheria, nikujibu hilo la plastiki. Viti vya kuigiza naletewa hapa karakanani, na cha kwanza ninachofanya ni kukipindua. Tazama mahali ganda linapokutana na miguu. Kwenye vile vya rahisi nilivyovipokea, skrubu imezamishwa moja kwa moja ndani ya plastiki nyembamba, hakuna bamba wala unene wa kuibeba. Mtu mzito akikaa na kuegemea nyuma, mzigo wote unaangukia pale, na siku si nyingi unaona nyufa nyembamba zimeanza kutambaa kuzunguka kila skrubu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ganda: mstari wa kifyatulio haukulainishwa, unakwaruza paja. Kubwa kuliko yote, ganda la aina hii ni la plastiki iitwayo polipropilini, na polipropilini haishiki gundi. Ukiniletea limepasuka sina la kukusaidia zaidi ya kukuuliza kama unataka nibakize miguu.

Wewe uko Tabata, na Keko, mtaa wa mafundi samani hapo Dar es Salaam, haiko mbali. Nenda kwa fundi wa Keko, lakini picha ya HAY iache nyumbani. Mpelekee vipimo: kimo cha kukalia sentimita 45 hivi kutoka sakafuni, kina cha kalio kisizidi sana sentimita 42 ili miguu ya mfupi iguse chini, na mgongo ulale nyuma kidogo. Mwambie mguu uingie kwenye tundu na kutiwa gundi, asiupigilie msumari. Mbao iwe kavu, na umuulize ilikaa wapi na kwa muda gani. Utapata viti vinne vya mkongo ambavyo hakuna mtu wa forodha atakayekuuliza habari zake.

*Bi Fundi, tumehamia ghorofa ya nne Vesterbro, lifti hakuna, na ngazi zinapinda kila baada ya hatua chache. Tunalitaka kochi la Mags la HAY. Watoto watatu, na baba yao anakula chakula kwenye kochi. Litapita? Na tuchukue kitambaa gani?*
*Mama wa Ghorofani*

Litapita, kwa sababu Mags haliji zima. Ni vipande vinavyounganishwa, na kila kipande kinapanda peke yake. Hata hivyo chukua futi leo hii. Usipime mlango peke yake, pima pale ngazi inapogeuka, kutoka kwenye mkono wa ngazi hadi ukutani, na upime kimo mpaka kwenye dari ya ngazi ya juu. Halafu omba dukani vipimo vya kipande kikubwa kuliko vyote kikiwa ndani ya boksi, maana boksi linaongeza. Na ngazi ya nyuma ya majengo haya ya zamani, ile inayotokea jikoni, msiijaribu kabisa. Ni nyembamba, na nimeshaona wabebaji wamekwama na sofa ghorofa ya pili huku jirani anataka kupita na taka.

Mnapoagiza kuna swali moja la kuuliza: mkono wa kulia ni wa kulia kwa aliyekaa, au kwa anayelitazama kochi? Waambie waandike kwenye oda. Kosa hili ndilo linaloongoza kwa makochi ya vipande, ya kampuni yoyote.

Kitambaa. HAY, kama kampuni nyingi za hapa, wanatumia sana vitambaa vya Kvadrat, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1968 huko Ebeltoft, mji mdogo wa pwani ya Jutland. Mkongwe wao ni Hallingdal 65, alichokibuni Nanna Ditzel mwaka 1965: sufu asilimia 70, viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa massa ya mbao) asilimia 30. Ukikigusa kina chembechembe, hakitelezi. Kwenye sampuli utaona namba ya Martindale. Hiyo ni mashine inayosugua kitambaa kwa mzigo, inazunguka na kuzunguka mpaka nyuzi zinakatika, na namba ni mizunguko iliyovumiliwa. Hallingdal kinafika 100,000. Nyumbani 20,000 inatosha, hata kwa watoto watatu. Hizo laki ni kwa viwanja vya ndege na maktaba, kwa hiyo muuzaji asikutishe kwa namba akupandishe bei.

Kwa nyumba yenu mimi ningeangalia vitu viwili vingine. Kwanza rangi: chukueni kile kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili au tatu, maana kitambaa cha rangi moja tupu kinaonyesha kila tone. Pili, sufu ina subira. Juisi ikimwagika hukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Usisugue hapo. Bandika kitambaa cheupe kikavu, bonyeza, geuza upande mkavu, bonyeza tena. Kikibaki kivuli, tumia maji ya vuguvugu, ukianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati. Maji ya moto yatakiharibu. Na muulize muuzaji kama kava linavuliwa au limepigwa stepla chini, kwa maana kama limepigwa stepla, siku ya kubadilisha mtaonana na mimi.

La mwisho: Mags liko chini kuliko makochi tuliyoyazoea kwetu. Watoto watalipenda. Mama mkwe akija kukaa wiki tatu, mwekeeni kiti chenye mikono, vinginevyo kila saa ya swala mtakuwa mnamnyanyua wawili.

*Shikamoo mama. Marehemu baba alinichongea meza ya mninga Morogoro, nikaisafirisha hadi Aarhus kwa gharama kubwa. Ilifika mwezi wa nane haina hata alama. Januari, usiku tumelala, tukasikia mlio. Asubuhi nikakuta ufa kutoka kichwani mwa meza mpaka karibu na katikati, unaingiza sarafu. Duka moja la hapa wameniambia mbao za Afrika haziwezi hali ya hewa ya huku, ninunue meza mpya. Mbona za HAY hazipasuki? Na hii ya baba ndiyo basi tena?*
*Binti wa Mchonga Meza*

Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza usiitoe nje, na usiweke chochote kwenye ule ufa.

Aliyekwambia hivyo anauza meza. Mninga ni katika mbao tulivu kuliko nyingi duniani, hupungua kidogo kuliko huo mwaloni wanaousifia. Tatizo ni safari, na namna uso wa meza ulivyofungwa. Mbao hukaa na unyevu wa mahali ilipo. Kwetu, mbao iliyokauka vizuri inabaki na unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi. Nyumba ya Denmark mwezi Januari, hita zimewashwa usiku na mchana, hewa inakauka mpaka mbao inashuka kwenye 7 au 8. Ikishuka, mbao inapungua upana. Urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Meza ya upana wa sentimita 90 inaweza kupungua nusu sentimita, wakati mwingine karibu sentimita nzima. Ilifika Agosti, hewa ya hapa ikiwa na unyevu, kwa hiyo haikuonyesha kitu. Majira ya hita yalipoanza ikataka kujikunja, ikakuta imeshikwa.

Nani ameishika? Ipindue uone. Nina hakika chini kuna mbao mbili tatu zilizolala kukingama, zimekazwa kwa skrubu au zimegundishwa. Morogoro hilo halina shida, meza ingeishi miaka mia. Marehemu aliichonga kwa ajili ya Morogoro, na aliichonga sawasawa.

Za HAY hazipasuki kwa sababu nyingi kati yake si mbao nzima. Meza za Copenhague, zile CPH ambazo ndugu wawili Wafaransa, Ronan na Erwan Bouroullec, walizibuni kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, uso wake ni ubao wa tabaka juu ya tabaka uliobandikwa vinia ya mwaloni, yaani ganda jembamba sana la mbao, au linoleamu, ile ya kutandikia sakafu. Tabaka zinakingamana, hii ikitaka kupungua ile inaizuia. Ni kazi nzuri na wala si udanganyifu. Lakini chukua mwaloni wa Denmark ulio mzima, ukaze kwa skrubu namna hiyo hiyo, na utasikia mlio ule ule usiku wa Januari.

Sasa fanya hivi. Legeza skrubu zote za chini, moja baada ya nyingine, uzitoe. Matundu yaliyo kwenye mbao za kukingama yapanue kwa tupa yawe marefu kuelekea upana wa meza, kama sentimita moja. Yale ya katikati yaache yalivyo, ili uso uwe na mahali pa kujishikiza. Rudisha skrubu ukiziwekea washa pana, zile pete bapa za chuma, uzikaze kwa mkono mpaka ziguse, kisha uziache. Kama mbao zile zimegundishwa, mwite seremala, usizing'oe mwenyewe. Halafu paka mafuta uso wote, juu na chini, hasa chini, kwa sababu upande usiopakwa unakunywa na kutoa unyevu haraka kuliko mwenzake na meza inapinda. Isogeze mbali na hita. Nunua kipima unyevu cha ukutani, ni cha bei ndogo. Kikisoma chini ya asilimia 35, anika nguo zako humo humo sebuleni, ila ukuta ukianza kutoka jasho punguza, usije ukaotesha ukungu.

Kisha ngoja. Majira ya joto ufa utajifunga kiasi fulani, na baridi inayofuata utaona umesimama wapi. Hapo ndipo seremala atautia gundi na kuubana, au atakata kijiti chembamba cha mninga akijaze pengo, na chini aweke funguo mbili za mbao zenye umbo la kipepeo zisiuache ukaendelea. Mwombe atumie mninga. Mafundi wa huku watakwambia haupatikani. Tafuta kipande nyumbani siku mtu akija, hata mguu wa stuli ya zamani unatosha.

*Bi Fundi, meza yangu ya HAY ni ya mwaloni uliopakwa sabuni. Ina miduara ya vikombe vya chai, na Idd iliyopita mtu amemwaga mchuzi wa biriani. Nimeambiwa nisugue kwa steelwuli.*
*Mwenye Meza, Odense*

Steelwuli usiiguse! Mwaloni una tanini nyingi, ile dawa kali ya asili iliyomo ndani ya mbao, na chuma kikikutana na tanini kwenye maji unapata doa jeusi la wino. Chembe za steelwuli zinabaki kwenye vinyweleo vya mbao na kuchanua madoa wiki nzima baadaye. Na sufuria ya chuma yenye maji chini, vivyo hivyo, isikae juu ya meza hiyo.

Nunua chenga za sabuni asilia, zisizo na manukato wala rangi. Hapa zinauzwa kila duka la rangi. Vijiko viwili vitatu vya chakula kwenye lita moja ya maji ya moto, koroga mpaka ziyeyuke, acha mpaka yawe vuguvugu. Osha uso wote wa meza, usioshe pale penye doa tu, la sivyo utabaki na duara safi mahali pa duara chafu. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Ikikauka kesho yake utasikia imekwaruza kidogo, mbao zimesimamisha nywele. Pitisha msasa laini, namba 240, ukifuata mkondo wa mbao na kwa mkono mwepesi, maana vinia ni nyembamba na ukikazana utaitoboa. Rudia sabuni. Miduara ya chai itafifia mara ya kwanza, na kwa kawaida huisha mara ya pili au ya tatu.

Manjano ya biriani dawa yake ni jua. Mwanga unaila ile rangi. Baada ya sabuni, sogeza meza dirishani na ungojee mwezi wa tano.

*Nimenunua kiti kwa mtandao hapa Norwe, mguu umelegea baada ya miezi kumi na minne. Duka wanasema dhamana yao ni mwaka mmoja, imekwisha.*
*Msomaji, Oslo*

Dhamana ya duka ni zawadi yao. Chini yake kuna sheria, na sheria haiishi kwa mwaka. Haki ya kulalamika kwa kitu chenye kasoro ni miaka miwili Denmark, mitatu Uswidi, na huko kwenu Norwe ni mitano kwa vitu vinavyotarajiwa kudumu, na kiti kinatarajiwa kudumu. Waandikie ndani ya miezi miwili tangu ulipoona kasoro, kwa maandishi, na picha ya kiungo chenyewe kikiwa kimepinduliwa. Usiukaze mguu kwa gundi yako kwanza, watasema wewe ndiye uliyeharibu.

*Tunajenga Bagamoyo, tukistaafu tunarudi. Tulitaka kupeleka viti vya nje vya Palissade.*
*Baba na Mama, Roskilde*

Palissade navyo ni vya hao hao ndugu Bouroullec, vya chuma kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa. Kwa Roskilde vinafaa. Kwa Bagamoyo, upepo wa chumvi utatafuta mkwaruzo mmoja tu, uingie chini ya rangi na kutambaa. Kama moyo umeshapenda, chukueni vile vilivyochovywa kwenye zinki. Zinki huliwa kwanza na kukilinda chuma hata kikikwaruzwa. Na msichukue rangi za giza, mchana wa Februari hamtakalia. Mimi nikiwa Bagamoyo ningekaa kwenye kiti cha mbao, pesa iliyobaki nikaongeza upana wa baraza.

Kwa ufupi wengine. Aliyeuliza kuhusu kile kiti kisicho na fremu wala skrubu: kinaitwa Nobody, kilibuniwa na kampuni ya wabunifu ya Komplot mwaka 2007, na ni chupa za maji za plastiki zilizogeuzwa kuwa kitambaa kizito kisha kikabanwa kwa joto. Sikivishi, hakuna pa kupiga stepla. Kipitishie mashine ya kuvuta vumbi.

Mgeni anayekuja Copenhagen na anataka kuvijaribu bila kusumbuliwa, apande HAY House, duka lao pale Østergade. Iko ghorofani, watu wengi wanaipita chini bila kujua. Kaa kwenye kila kiti kwa muda wa kunywa kahawa. Ukikaa na kuinuka papo hapo hujajua kitu.

Na wale wote mnaoniuliza kuvisha kiti upya ni bei gani: nitumieni picha ya chini ya kiti. Ya juu nimeshaiona dukani.